Mikanda miwili, vifo viwili: jibu kwa mwenye skuta ya samaki

"Shikamoo fundi. Nina skuta ya 125 isiyo na gia, niliinunua mtumba. Alfajiri nachukua samaki Deep Sea hapa Tanga nawapeleka Muheza, na Jumamosi napanda nao hadi Amani. Ndani ya miezi mitano mkanda umekatika mara mbili. Wa kwanza ulikatikia Pongwe, wa pili nikiwa kwenye kona za kupanda Amani. Tena tangu nilipofungiwa huo wa pili, skuta ikawa inaunguruma tu, kuondoka ni kwa shida, na haivuki 50. Mwenye duka ananiambia mikanda ya kawaida hainifai, ana mkanda wa Kevlar kama wa zile pikipiki za theluji zenye turbo za Kanada. Bei yake mara tatu. Mpwa wangu naye kanionyesha video zake, wanazungumza klachi muda wote. Je, ninunue? Na hiyo klachi yao ni sawa na yangu? Nimekutumia picha za mikanda yote miwili na za ndani ya kava. Muuza samaki, Makorora."

Marahaba, mwanangu. Huo mkanda usiununue.

Mwenye duka hajakudanganya kuhusu Kevlar, ni nyuzi ngumu kweli. Ila mikanda yako haikukatika kwa unyonge wa nyuzi. Imeuawa, na ukitazama picha zako kwa makini utaona kila mmoja kafa kifo chake. Ukitia wa tatu bila kujua kilichowaua wenzake, hata ungekuwa wa chuma, tutaonana tena baada ya miezi miwili. Nikushukuru kwa jambo moja: hukuitupa. Wateja wangu wengi hapa Ngamiani wananiletea skuta tupu, mkanda uliokatika wameshauacha huko huko barabarani, halafu wanataka niwaambie ulikatika kwa nini. Ni sawa na kumpelekea daktari kitanda.

Nianze na hizo mashine za theluji, maana humo ndimo lilimo swali lako la klachi. Kanuni ya mkanda ni ile ile. Kuna puli mbili, na kila puli ina mashavu mawili yaliyoinamiana kama sahani mbili zilizopeana migongo. Mashavu ya puli ya mbele yakisogeleana, mkanda hauna pa kukaa, unapanda juu. Kwa kuwa urefu wake haubadiliki, huku nyuma unalazimika kuzama, na mashavu ya nyuma yanaachana kuupisha. Hapo gia imepanda na wewe hukugusa kitu. Waholanzi wa DAF waliutia mfumo huu kwenye gari dogo mwaka 1958, kwa hiyo si ugeni wa juzi.

Tofauti iko mahali klachi ilipo. Kwenye mashine ya theluji, puli ya mbele yenyewe ndiyo klachi. Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka tu bila mafuta kukunjwa, mashavu yake yameachana, mkanda umesimama tuli katikati, shafti inazunguka peke yake. Dereva akikunja mafuta, injini ikafika mizunguko 3,000 na kitu kwa dakika, vyuma vizito vilivyo ndani ya puli vinatanuka, vinayasukuma mashavu, yanaubana mkanda, mashine inaondoka. Maana yake ni kwamba kila mara mashine inapoondoka, mkanda ndio unaosuguliwa. Unafanya kazi ya mkanda na kazi ya breki shuu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wenzetu wa huko hawaishi kuzungumza mikanda na klachi pamoja. Kwao ni jambo moja.

Skuta yako siyo hivyo. Mkanda wako unazunguka tangu injini inapowaka, hata ukiwa umesimama unanunua vitumbua. Puli ya mbele na ya nyuma zote zinazunguka, ila tairi haliendi, kwa sababu klachi iko nyuma kabisa, baada ya mkanda. Ni shuu tatu zilizoshikwa na springi ndogo tatu, ndani ya bakuli la chuma. Injini ikipanda, shuu zinatanuka, zinaligusa bakuli, bakuli linavuta tairi. Kwako kinachosuguliwa wakati wa kuondoka ni shuu. Mkanda kazi yake ni kupitisha nguvu, na skuta ikiwa nzima mkanda hautakiwi kuteleza hata kidogo.

Turbo sasa, kile kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini. Ile mashine ya theluji ya Ski-Doo ya 850 iliyotoka kiwandani na turbo kwa mwaka wa 2020 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 165, na kwamba nguvu hizo haipotezi hata ikipanda mita 2,400 juu ya bahari. Injini yako haifiki farasi 10. Mkanda wake ni mpana karibu mara mbili ya wako, kwa hiyo hauingii kwenye puli zako kwa namna yoyote. Anachouza huyo bwana ni mkanda wa skuta ulioandikwa Kevlar, na hilo la theluji ni chumvi ya biashara. Isitoshe, huko huko kwao mashine ya aina moja haiazimi mkanda wa aina nyingine; kila puli ina mkanda wake wenye namba yake, na anayebahatisha analala porini kwenye barafu. Wewe angalau ukikwama Pongwe utapata mtu wa kukuvuta.

Kuna na klachi ya tatu, na naitaja kwa sababu nahisi imeshakudhuru. Bodaboda na bajaji zina klachi ya pleti zilizopangwa ndani ya oili, unaishika kwa mkono. Fundi aliyekulia kwenye boda akifungua skuta anakuta klachi kavu, anaona kama imekosa kitu, anaipaka grisi. Kwenye picha yako ya tatu, pembeni mwa puli ya nyuma, naona alama nyeusi zinazong'aa zilizorushwa kwa mviringo. Inaweza kuwa ni hiyo. Inaweza pia kuwa ni grisi halali ya ndani ya puli ya nyuma iliyovuja, kwa sababu pale ndani pana pini zinazotaka grisi ya kuvumilia joto, na vipete vya mpira vinavyoizuia isitoke vikichoka, grisi inatoka na kurushwa kwenye mkanda. Mwambie fundi avitazame hivyo vipete. Na atazame sili ya shafti ya injini upande wa puli ya mbele, nayo ikivuja hufanya hivyo hivyo. Ndani ya kava lile, ukiacha sehemu ile ya pini na beringi, kila kitu kiwe kikavu kama unga.

Haya, tuje kwa marehemu.

Mkanda wa kwanza una maandishi 743-20-30. Pembeni zake zimekwaruzwa kama zimepigwa msasa, upana umeliwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na nyuzi zimechomoza kama mkeka uliofumuka. Kisha kwenye picha ya puli ya mbele naona michirizi ya rangi ya chai kwenye shavu. Ile ni kutu. Kutu kwenye puli ni msasa wenyewe, na mkanda unapita juu yake mara maelfu kwa dakika. Sasa kutu imetoka wapi ndani ya kava lililofungwa? Nilijiuliza hivyo hadi nilipoiona ile picha uliyopiga ukiwa umeegesha, kreti la samaki liko nyuma ya kiti na kona yake ya kushoto iko chini kidogo kuliko ya kulia.

Maji ya barafu yanateremkia kushoto. Na kushoto ndiko kava la mkanda liliko. Kava lile halijazibwa kama debe. Linavuta hewa ili mkanda upoe, lina tundu lenye sponji mbele, na feni imo kwenye puli yenyewe. Kwa hiyo kila safari unalimwagia maji ya samaki na chumvi, nalo linayavuta kama mtu anayekunywa uji. Maji yakiingia, mkanda unateleza kwa muda, yakikauka chumvi inabaki, usiku kutu inafanya kazi yake. Kwa mji wetu hata bila samaki upepo wa bahari unatosha kuotesha kutu, lakini wewe umeuongezea nguvu.

Dawa yake si spea. Toboa tundu kwenye kona ya kreti, tia mpira mwembamba, upeleke maji nyuma ya tairi, tena uinamishe kreti kuelekea nyuma, usiinamishe kulia kwenye ekzosi. Puli zifunguliwe, mashavu yapigwe msasa laini sana kwa mkono, yafutwe kwa spiriti. Ukipitisha kucha ukahisi mfereji, shavu hilo limekufa, libadilishwe. Sponji ioshwe, ikauke, irudi. Mafundi wengine huitupa wakidai inazuia hewa. Inazuia mchanga wa njia ya Pangani, ndiyo kazi yake.

Mkanda wa pili ndio ulionichekesha, samahani. Umeandikwa 729-17.5-30.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ukizielewa hizi namba tatu hutauziwa tena kwa macho. Ya kwanza ni urefu wa kuzunguka mkanda kwa nje, kwa milimita. Ya pili ni upana wa mgongo wake. Ya tatu ni nyuzi za pembe, yaani jinsi mbavu zake zilivyoinama, kwa sababu lazima zilale sawasawa na mashavu ya puli. Skuta za Kichina za 125 na 150 zinafanana sura lakini zinatumia mikanda tofauti: ipo ya 743-20-30, ipo ya 835-20-30, ipo ya 842-20-30, inategemea urefu wa kava. Huo wa 729-17.5-30 ni wa skuta za 50.

Utaniuliza, kama ni wa skuta nyingine, mbona uliingia? Uliingia vizuri mno, na hapo ndipo fundi wako alipopotea. Mkanda mwembamba haukai juu ya mashavu, unazama katikati. Upungufu wa milimita 2.5 za upana, kwa pembe hiyo, unauzamisha karibu milimita 5. Ukizama kiasi hicho kwenye puli ya nyuma, njia ya kuizunguka inapungua kama milimita 15. Na 743 ukitoa 729 unabaki na 14. Umeona? Ufupi wake umefidiwa na wembamba wake, ukakaa kama ulipimiwa. Fundi akauzungusha kwa mkono, akaona haulegei wala haukazi, akafunga kava.

Lakini umekaa mahali pabaya. Unapoondoka, mkanda unatakiwa uwe juu kabisa ya puli ya nyuma, hiyo ndiyo gia ya kwanza. Wako umeshazama. Ni kama kuondoka na gia ya pili, kreti la barafu mgongoni, kila siku. Nani anayelipa? Shuu za klachi. Zinasugua bakuli muda mrefu kabla tairi halijakubali kwenda, ndiyo huo muungurumo bila mwendo unaousema. Na ukifika kasi kubwa, mkanda mwembamba hauwezi kupanda hadi ukingo wa puli ya mbele, mashavu yanakutana kabla, ndiyo maana ukakomea 50. Maelezo yako yote mawili yanatoka kwenye milimita hizo mbili na nusu.

Joto la klachi halina pa kwenda, linabaki ndani ya kava lile lile. Ona picha ya bakuli: lina rangi ya buluu na zambarau kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Chuma hakipati rangi hiyo kwa jua la Tanga. Halafu ona mkanda: mbavu zimekuwa kioo, na kwenye mabonde ya meno zimepita nyufa za kukata upana. Raba imeokwa. Ukapanda nao Amani, ukamalizikia huko. Wa kwanza alikufa kwa kutu, wa pili kwa moto.

Kwa hiyo klachi ifunguliwe. Shuu kama zimeng'aa tu, zipigwe msasa mpaka uso urudi kuwa mkavu. Kama zimekwisha au zimepasuka, nunua seti nzima pamoja na springi zake, usichanganye shuu mpya na springi iliyoona moto, kwa sababu springi iliyolegea inaziachia shuu mapema, injini ikiwa bado haina nguvu. Bakuli lizungushwe juu ya meza ya kioo au kigae; likicheza, au likiwa na ufa, halifai. La buluu bila ufa mimi sina raha nalo, ingawa najua wenzangu wanaorudisha. Na ile springi kubwa ya puli ya nyuma ipimwe urefu na mpya, kwani ndiyo inayoubana mkanda usiteleze; ikichoka, mkanda wa bei yoyote utateleza.

Na wewe una sehemu yako. Ukisimama kwenye mteremko usiishikilie skuta kwa mafuta. Nawaona pale kwenye taa, mkono umekunja kidogo, skuta inapumua mbele na nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba. Huo wote ni msuguano wa shuu. Shika breki, achia mafuta, ukiondoka ondoka kwa nia moja. Hata kwenye kona kali za Amani, mwendo mdogo sana wa nusu klachi unaichoma kuliko mwendo wa kati.

Utajiuliza pia mlimani kwa nini inachoka zaidi. Hapa ndipo hao wa turbo wana neema kuliko sisi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa inapungua. Kijiji cha Amani kiko kwenye mita 900 hivi, wewe unaanzia usawa wa bahari. Unafika juu umepoteza karibu sehemu moja ya kumi, na ulizonazo zenyewe ni haba. Turbo inashindilia hewa, mwenye nayo haoni tofauti hiyo, wala halazimiki kubadilisha vyuma vya puli kila akibadilisha mlima. Wewe unaweza kujisaidia kwa rola. Ndani ya puli ya mbele ya injini kama yako kuna rola sita za 18x14, yaani kipenyo milimita 18 na upana 14; ndizo vizito vinavyotanuka na kuyasukuma mashavu yasogeleane. Zikiwa nyepesi, gia inachelewa kupanda, injini inabaki kwenye mizunguko yenye nguvu, mlima unapandika. Zikiwa nzito, gia inapanda upesi, tambarare inakuwa tulivu lakini mlimani inagoma. Gramu zimechapwa ubavuni. Kwa mzigo wako mimi ningeshusha gramu 1 kwa kila rola, basi. Ukishusha 3 kama vijana wanavyofanya, njia ya Muheza itakuwa kelele na mafuta yatakwenda. Rola zilizopata bapa upande mmoja zote sita zitupwe, na zisipakwe grisi.

Kuhusu kampuni, Bando na Mitsuboshi za Japani, au Gates ya Marekani, zinajulikana kwa mikanda, na ndiyo sababu zinaigizwa. Mkanda wa kweli maandishi yake yanasomeka na hayatoki kwa kidole chenye mate, meno yako sawa, hauna harufu kali ya tairi linaloungua. Ukipata wa kampuni ndogo wenye namba sahihi, ni afadhali mara kumi kuliko Kevlar yenye namba ya jirani. Wala usikubali kupimiwa kwa kulaza mkanda mpya juu ya mzee wake. Mzee ameshaliwa. Huku tumezoea baiskeli, mnyororo ukikatika unaugonga na jiwe unaendelea na safari. Kuna mvuvi mmoja aliwahi kuniletea mkanda kaushona kwa uzi wa nyavu, mshono mzuri sana, ukaenda mita mia mbili.

Siku ya kufunga simama hapo hapo, uangalie jambo moja. Kabla fundi hajaikaza nati ya mbele, lazima ayatanue mashavu ya puli ya nyuma kwa mikono mkanda uzame, ili huku mbele uwe na ulegevu. Asipofanya hivyo, shavu linaubana mkanda badala ya kukaa kwenye shafti, nati inaonekana imekaza kumbe imeukaza mkanda. Ukiwasha, mkanda unasogea, nati inabaki bila kazi, na meno ya shafti yanasagika. Hapo utauza samaki wa mwezi mzima kulipa shafti. Baada ya kukaza, puli ya mbele izungushwe kwa mkono, mkanda uwe unacheza. Mshale kwenye mkanda ufuate mzunguko. Kama hauna mshale, uufunge maandishi yasomeke ukiwa umesimama upande wa kushoto wa skuta. Aukamate kwa mikono safi, isiyo na oili.

Kilomita 50 za mwanzo nenda bila kreti na bila kukunja mafuta yote, mbavu zilale kwenye mashavu. Kitabu cha skuta kitakutajia kilomita za kubadilisha, vingi vinasema kati ya 10,000 na 25,000, lakini wewe na barafu yako mfungulie kava kila 3,000. Mpya una milimita 20. Mimi ukifika 19 nautoa. Ukifungua mara ya kwanza, pima upana na upige picha ya shavu la mbele tu, unitumie. Likiwa jeupe, nitajua ule mpira wa kreti umefungwa.